Kanzu ya Samweli na Ripoti ya Mtoto: Wazazi na Shule katika Milima ya Uluguru

Desemba 1995 nilipanda mlima kurudi nyumbani Kinole nikiwa na bahasha ya shule mfukoni. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Pili katika shule ya bweni ya mkoa mwingine. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, nami nilikuwa nimeshaifungua kabla basi halijafika Morogoro mjini. Ndani mlikuwa na ripoti ya Kiingereza: Hisabati F, Fizikia F, na chini yake mwalimu wa darasa ameandika kwamba nina akili lakini ninatoroka prepo za jioni.

Marehemu baba alisoma shule ya zamani hadi darasa la nne. Biblia ya Kiswahili aliisoma bila kusitasita, na hesabu za ndizi na mdalasini alizifanya kichwani kuliko mimi. Kiingereza hakukijua. Akakaa kwenye kigoda, akanipa ile karatasi, akasema, "Haya mwanangu, nisomee." Nikamsomea. Nilimsomea ripoti ambayo haikuandikwa na mwalimu yeyote. Fizikia ikawa "inaendelea vizuri", Hisabati ikawa "anajitahidi", na yale maneno ya mwalimu wa darasa yakawa salamu kwa wazazi. Baba akashukuru Mungu, mama akachinja jogoo.

Nimeanza na dhambi hii yangu kwa sababu nimegundua kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba haijapita. Hadi leo katika nyumba nyingi za washarika wetu, ripoti ya sekondari inakuja kwa Kiingereza, na anayeitafsiri ni mtoto mwenyewe. Mshitakiwa ndiye mkalimani wa hakimu. Walimu wanalalamika kwamba wazazi wa milimani hawafuatilii. Mimi nimekuwa mchungaji wa wazazi hawa, na naamini lalamiko hilo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko katika historia, nayo ni ndefu kuliko umri wa shule zetu za kata.

Zamani za mababu, mzazi wa Kiluguru hakuhitaji ripoti. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wazima wa ukoo, na siku ya kutolewa watu wote walimwona na kujua kama amefundika. Mafundisho ya wavulana nayo yalikuwa mikononi mwa watu ambao baba na mjomba waliwajua kwa majina. (Mjomba ninamtaja makusudi. Sisi ukoo tunaufuata kwa mama, na katika nyumba nyingi neno la mjomba juu ya mtoto bado lina uzito, ingawa fomu za shule zina nafasi ya jina la baba tu.) Mila zile zilikuwa na mambo ambayo Kanisa liliyakataa, na sitetei yote. Ninachosema ni kwamba mwalimu na mzazi waliishi uwanja mmoja. Mtoto hakuweza kuwa na habari moja kwa mwalimu na nyingine kwa mama yake.

Kisha ikaja shule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda bara, wakafika Morogoro katika miaka ya 1880 na Matombo kabla karne haijaisha. Sasa angalia jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Shule ile ya kwanza ya Bagamoyo ilijaa watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwa na wazazi wa kuwafuatilia. Misheni ilikuwa baba, ilikuwa mama, ilikuwa na shamba na kitanda na chakula. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Dar es Salaam mwaka 1887 nao walipokea watu waliokombolewa. Ilikuwa kazi ya huruma na Mungu awalipe. Lakini desturi ya shule iliyozaliwa kwa ajili ya yatima ikapelekwa, karibu bila kubadilishwa, kwa watoto wenye baba na mama. Mzazi alimleta mtoto mlangoni, akageuka, akarudi shambani. Mtoto akishaingia ni wa misheni.

Serikali ya Waingereza haikuibadilisha desturi hiyo. Baada ya sheria ya elimu ya 1927 shule za misheni zilianza kupewa ruzuku zikifikia kiwango, na mkaguzi akawa mtu wa kuogopwa. Mwalimu akajifunza kutoa hesabu kwa mkaguzi na kwa padre au mchungaji. Kwa mzazi hakutakiwa kutoa hesabu yoyote.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya matuta, kwa sababu bila matuta huwezi kuelewa kwa nini mzee wa Uluguru haendi kwenye kikao. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuokoa udongo wa milima yetu, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu walikuwa na sababu zao, maana mito ya huku ndiyo inayoijaza Ruvu. Lakini hawakukaa na wakulima wakaelezana, na watu waliona jasho lao likitoka na mavuno yasiongezeke. Julai 1955 hasira ikalipuka kule Matombo, polisi wakaletwa, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Vizazi vilivyofuata vilirithi funzo moja: ukiitwa mkutanoni na watu wa juu, unaitwa kulipa au kuchimba. Mwito wa kikao cha wazazi ukifika leo, mzee anauliza swali ambalo babu yake aliliuliza: "Ni mchango gani tena?" Na mara nyingi, tuseme kweli, ni mchango.

Haikosi kusemwa kwamba mwaka huohuo wa 1955 kilianzishwa chama cha wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, TAPA, ambacho baadaye ndicho kilichokuja kuwa Jumuiya ya Wazazi. Wazazi walijenga shule kwa mikono yao pale ambapo serikali na misheni hawakufika. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mzazi wa nchi hii hajali elimu. Alibeba mawe. Kujenga shule hakuna aliyemkataza. Kuuliza kinachoendelea ndani yake ndiko ambako hakukaribishwa.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalibadilika, na mengi kwa uzuri. Kwa sheria ya 1969 shule za makanisa zilichukuliwa na serikali ili mtoto wa Mwislamu, Mkatoliki na Mlutheri wakae dawati moja. Kwa sisi Walutheri tulio wachache milimani, hilo lilikuwa neema kuliko hasara. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, na Kiingereza kikabaki sekondari. Tanzania ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya 1973. Wachache waliofaulu darasa la saba walipelekwa sekondari za bweni, mara nyingi mikoa ya mbali, ili vijana wa makabila yote wajuane. Ilitujengea taifa. Mimi mwenyewe rafiki zangu wa kufa na kuzikana ni Wasukuma na Wapare niliolala nao bweni moja. Lakini kwa mzazi wa Kinole ilikuwa Bagamoyo tena. Mtoto alishuka mlima Januari na sanduku la bati, akarudi Juni na bahasha. Ada iliporudishwa mwaka 1985, mzazi akapewa kazi moja ya wazi: atafute fedha. Baba yangu aliifanya kazi hiyo kwa mikungu ya ndizi iliyobebwa kichwani hadi barabarani.

Kisha, kuanzia mwaka 2004, ukaja mpango wa MMES na shule za kata. Nchi iliyokuwa na sekondari zisizofika 2,000 mwaka 2005 ilikuwa na zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Ninaomba msomaji asimame hapa kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu misheni ya kwanza, sekondari ilikuja mahali ambapo mama anaweza kuifikia kwa miguu, akaketi na mwalimu, akarudi kupika chakula cha mchana. Miaka zaidi ya mia moja umbali ulikuwa sababu yetu, na sababu hiyo ikaondolewa. Lakini miguu ilikuwa imeshazoea kuishia mlangoni. Na watoto wa vitongoji vya mbali, ambao njia yao ni ya kupanda na kushuka saa mbili, walianza kupangiwa vyumba karibu na shule. Mtoto wa miaka 15 analala geto peke yake na jiko la mafuta ya taa, na nyumbani wanasema yuko shule.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia. Watahiniwa 240,903 walipata sifuri. Taifa zima liliinamisha kichwa. Ikaundwa tume, na Mei matokeo yakapangwa upya, sifuri zikapungua lakini hazikuisha. Wakati ule nilikuwa kijana katika uchungaji, na wiki ile nilifika nyumba tatu kuomba pamoja na familia. Katika nyumba zote tatu nilisikia sentensi moja: "Mchungaji, hatukujua." Mtoto alikuwa amekaa miaka minne chini ya paa lao, ameondoka kila asubuhi na sare, amerudi jioni, na hawakujua. Sikuwakemea. Nilikumbuka kigoda cha baba.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada ikafutwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Tulimshukuru Mungu, na tunaendelea kumshukuru. Lakini nimeona jambo ambalo sikulitegemea. Ile kazi moja ya wazi aliyokuwa nayo mzazi, kutafuta ada, iliondoka, na wengine wakadhani kazi yote imeondoka. Nyaraka za serikali zenyewe zilisema sare, madaftari na chakula cha mtoto vinabaki kwa mzazi. Tena mtu aliyeuza ndizi zake kulipa ada alikuwa na sababu ya kuuliza fedha yake imefanya nini. Siku hizi wengi hatuna hata hiyo.

Sisi Walutheri hatuna ruhusa ya kuliona hili kama jambo la serikali tu. Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 wafungue shule, na mwaka 1530 akawageukia wazazi akawataka wasiwatoe watoto shuleni. Katikati ya hayo, kwenye ukaguzi wa sharika za Saksonia, alikuta watu wasiojua hata Baba Yetu, na mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo. Tunaishika mikononi kila mwaka wa Kipaimara, lakini ni wangapi tumeona iliandikiwa nani? Kila sehemu yake inaelekezwa kwa mkuu wa nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake. Luther alitaka mwalimu na mchungaji wafanye kazi yao, na bado mzazi aulize jioni, mtoto ajibu.

Alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa migodi ya shaba kule Mansfeld, akajinyima kumsomesha kijana hadi chuo kikuu cha Erfurt. Martin alipopata shahada ya uzamili mwaka 1505, inasemwa baba yake alianza kumwita kwa lugha ya heshima, kama mkubwa. Alikuwa ameshampangia kusoma sheria. Julai mwaka huohuo, baada ya kukutwa na radi njiani, kijana akaingia utawani bila kumuuliza baba, na Hans akakasirika sana. Simhukumu Hans, nami nina watoto. Ila nikisoma habari hiyo naona baba aliyefuatilia vyeti vyote na asijue hofu gani inamla mwanawe.

Kwa hiyo ninapendelea kumtazama Hana, mama wa Samweli. Alimtoa mtoto kwa Bwana, akamwacha Shilo chini ya mkono wa kuhani Eli. Kama angekuwa mzazi wa desturi yetu ya mlangoni, habari ingeishia hapo. Lakini kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili, kinatuambia kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Mwanamke yeyote aliyewahi kumshonea mtoto sare ajue maana yake. Huwezi kushona kanzu ya mtoto usiyejua amefikia wapi. Lazima kila safari alimsimamisha, akampima mabega, akatazama mkono umezidi wapi. Na kando ya hapo yuko Eli, anayeishi nyumba moja na wanawe wakubwa na habari zao anazipata kwa watu wa nje, baada ya mambo kuharibika.

Basi kupima mabega ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ni kufanya nini? Nitasema kwa lugha ya kawaida, kwa sababu nimeona watu wazima wakiona aibu kuuliza. Somo lenye alama 75 na kuendelea ni A, nalo lina pointi 1. Kuanzia 65 hadi 74 ni B, pointi 2. Kuanzia 45 hadi 64 ni C, pointi 3. Kuanzia 30 hadi 44 ni D, pointi 4. Chini ya 30 ni F, pointi 5. Katika mtihani wa Kidato cha Nne masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Maana yake pointi chache ndiyo furaha. Nimemwona baba mmoja akipokea pongezi baada ya ibada kwa sababu kijana wake "amepata 32 na wa jirani 19 tu". Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia siku ile.

Nafasi darasani nayo hudanganya. Wa kumi kati ya 130 anaweza kuwa na D tupu, ikiwa darasa zima limelala. Hilo lilinipata mimi mwenyewe, mchungaji mwenye digrii, kwa binti yangu wa kwanza. Niliona nafasi nikafurahi, mke wangu ndiye aliyesoma alama. Kwa kawaida anayetaka Kidato cha Tano anahitaji C zisizopungua tatu, tena za masomo yanayokwenda pamoja. Kidato cha Pili kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Usiusikie Januari wakati mtoto anaomba sare mpya ya darasa lilelile. Na sehemu ya alama za mwisho hutoka katika kazi za miaka ya nyuma, kwa hiyo kusema atakaza uzi Kidato cha Nne ni kuchelewa.

Huku mtaani kwetu tulianza jambo dogo. Jumapili ya kwanza baada ya shule kufungwa, Juni na Desemba, walimu wawili washarika na mmoja mstaafu hubaki baada ya ibada, na mzazi huja na ripoti pamoja na mtoto. Inasomwa kwa Kiswahili, mtoto akiwepo, taratibu, bila kelele. Mara ya kwanza walikuja watu watano. Mara ya pili walikuja majirani Waislamu na Wakatoliki, tukatoa mabenchi nje. Siku moja mama mmoja alileta ripoti yenye herufi ABS kwenye masomo manne, akiwa ameambiwa nyumbani kwamba ni somo jipya. Maana yake ni kwamba mtoto hakuwepo kwenye mtihani. Yule binti alilia, mama akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Jibu lake silileti hapa. Lakini wiki ile mjomba wake alishuka shuleni, wakaketi na mwalimu wa malezi, na binti akaondolewa geto akaenda kukaa kwa shangazi yake karibu na shule. Leo yuko Kidato cha Nne.

Hatujafanikiwa yote. Wapo wanaokuja mara moja wasirudi, na wapo watoto wanaoripoti kwamba ripoti imelowa mvua. Kuna wazazi wanaojaza kanisa siku ya Kipaimara, na mahafali ya Kidato cha Nne wanakwenda na gari la kukodi na mataji ya maua ya karatasi, na ndiyo siku yao ya kwanza kuona mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu wa darasa na mwalimu wa taaluma hawana muda wote, lakini sijaona bado aliyemfukuza mzazi aliyefika siku ya kawaida, bila kuitwa, akauliza kwa upole na kuomba kuona madaftari.

Machi 1996 baba yangu alifika shuleni kwangu bila taarifa. Alikuwa amesafiri siku mbili na mkungu wa ndizi. Hakunikemea. Aliketi na mwalimu wa darasa karibu saa nzima, wakaniita, tukala ndizi watu watatu ofisini, akaondoka. Nilidhani alikuja kunisalimu tu, na mwalimu ndiye aliyeamua mwenyewe kunisimamia prepo kuanzia jioni ile. Alipofariki, nilifungua sanduku lake la bati kutafuta hati za shamba. Ripoti zangu zote zilikuwamo, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyuma ya ile ya Desemba 1995 kulikuwa na maandishi ya penseli, ya mkono wa mwinjilisti wetu wa zamani aliyejua Kiingereza. Alikuwa ameitafsiri yote, mstari kwa mstari, pamoja na neno la prepo.

Jumapili ya ripoti mwezi wa Juni iko palepale, baada ya ibada ya kwanza. Mabenchi yatakuwa nje. Hata ripoti iliyolowa mvua, leteni.